Siku Nilipomfungulia Bwana Harusi Hita

Jamani, nikiri mapema kwamba mpaka leo nikipita Kange mchana nainamisha kichwa, na kama kuna mtu hapa ana ile video kwenye simu yake (najua mnayo, msijifanye), nawaomba msikilize kwanza upande wangu, maana video inaonyesha bwana harusi anakimbia na mimi nimesimama kama mlingoti na bisibisi mkononi, haionyeshi kilichotokea ndani ya gari, na kilichotokea ndani ya gari ndiyo aibu yenyewe.

Mnanijua, mimi Rajabu, nauza rangi za nyumba Ngamiani, maisha yangu ni makopo na brashi, sina ulevi wowote wa dunia hii isipokuwa lile gari. Gari dogo la michezo, jekundu, milango miwili, limeinama mbele kama paka anayetaka kuruka, taa zake zinafumba na kufumbua, viti vya nyuma ni vya kuwekea mkoba tu wala mtu mzima haingii. Ni la zamani, ndiyo, lilikuja Tanga likiwa tayari limezeeka, likakaa miaka chini ya turubai kwa mtu mmoja Raskazoni kabla sijalinunua, lakini nikilipiga maji na sabuni siku ya Ijumaa watoto wote wa mtaa wanakuja kujitazama usoni kwenye milango. Mke wangu Mwajuma analiita mke mwenzake, na hasemi kwa utani sana.

Sasa mdogo wangu Yahya, yule nesi wa Muheza, alikuwa anaoa. Anamwoa Thureya, binti wa Mzee Seif wa Pongwe, wale wenye minazi na michungwa, familia ya asili ya Oman, watu wa heshima zao. Na hapa lazima niwaambie jambo moja ili mwelewe uzito wa mambo: harusi hiyo ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, na mara zote mbili kwa upande wetu. Mara ya kwanza Yahya alihamishwa kituo cha kazi, mara ya pili akapelekwa masomoni ghafla. Sababu zilikuwa za kweli kabisa, lakini mwenye binti akisikia mara mbili kwamba bwana harusi hayupo tayari, ataanza kufikiri mengine. Mzee Seif alituita barazani kwake akatuambia taratibu, bila kupandisha sauti, "Wanangu, mimi sina haraka ya kumwoza Thureya. Ila mkishaniwekea siku ya tatu, msinifanye nikasimame mbele ya watu kama mjinga." Tukaapa.

Nani wa kumpeleka bwana harusi msikitini? Watu wakapendekeza gari la maana, kubwa, jeupe, la kukodi. Mimi nikasimama kwenye kikao nikasema mdogo wangu hawezi kwenda kuoa kwa gari la kukodi wakati kaka yake ana gari ambalo Tanga nzima hakuna. Shangazi yetu, Bi Mwanahamisi, akauliza, "Linafika Pongwe hilo?" Nikamjibu, "Shangazi, hilo linafika Arusha."

Ukweli ni kwamba siku hizo gari lilikuwa linanuka. Ukikaa ndani unasikia harufu tamutamu, kama sharubati iliyochacha, na kapeti la upande wa abiria lilikuwa na unyevu usiokauka. Nikalipeleka gereji kwa fundi Mhina, akaingiza kichwa chini ya boneti, akamulika na simu, akaniambia mipira ya hita imeoza. Ni mipira miwili inayopeleka maji ya moto kutoka kwenye injini kwenda kwenye kile kipasha joto ndani ya dashibodi, kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, na waliounda gari lile wameipitisha nyuma kabisa ya injini, kwenye uwazi kati ya injini na ukuta wa chumba cha abiria, mahali ambapo kiganja kinapita lakini hakigeuki.

"Tuizibe tu," akasema Mhina. "Hita Tanga ya nini?"

Hapo ningekuwa na akili zangu, leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini mimi sikutaka kuziba. Gari langu lilikuwa na kila kitu chake kama lilivyozaliwa, nami nikamwambia nataka ibadilishwe. Akasema basi, itabidi tushushe vitu vyote vya juu ya injini ndipo tuifikie, na yeye ana lori la watu limelala pale gereji, nimwachie gari mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo! Harusi Jumapili! Nikasema lete hiyo mipira, nitafunga mwenyewe, nimeona kwenye simu mtu anafunga bila kushusha chochote. (Mtu yule, nilikuja kugundua baadaye, alikuwa na mikono myembamba kama ya mtoto wa shule. Mimi mnaiona mikono yangu.)

Basi Jumamosi asubuhi nikaegesha uani, nikavua shati, nikaanza. Mpira wa kwanza ulitoka vizuri, ukaingia mpya, nikakaza klipu zake mbili, nikajiona injinia. Wa pili ndio uliokuwa chini, gizani, na upande wake wa ndani unaingia kwenye kijibomba kilichojificha nyuma ya mabomba mengine. Nikaingiza mkono, ukapita, nikausukuma mpira mpaka ukaketi, nikasema alhamdulillah, nikataka kutoa mkono, mkono ukagoma. Nikavuta, ukakaza. Nikageuza, saa ikanasa kwenye waya. Nikaita, "Mwajuma!" kwa sauti ya kawaida, halafu nikaita kwa sauti isiyo ya kawaida, naye akaja na majirani wawili nyuma yake, wakanikuta nimelala juu ya injini kama nguo iliyoanikwa.

"Mkono umefanya nini?" akauliza.

"Umepumzika."

Wakanimwagia mafuta ya nazi begani mpaka kiwikoni, wakavuta, nikatoka na ngozi kidogo imebaki huko. Mwajuma akafuta mafuta akasema, "Rajabu, lipeleke kwa fundi, au kodisha lile jeupe." Nikamwambia nimeshamaliza. Na kweli nilikuwa nimemaliza, isipokuwa klipu moja. Moja tu! Ile ya ndani kabisa. Nilijaribu bisibisi ndefu, nikajaribu fupi, nikajaribu praizi, klipu ikaniponyoka ikaanguka huko chini nisikojua, na mimi mkono wangu haukutaka tena kuingia kule. Basi nikachukua kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakisukuma kwa waya, nikakizungusha, nikakivuta, nikafunga fundo kwa ncha za vidole. Nikasema kitashika. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo. Fundo la mpira wa tyubu.

Nikajaza maji, nikawasha injini, nikakaa pale natazama chini kwa muda, hakuna tone. Nikazima. Sikufikiri kwamba hita imefungwa, kwa hiyo maji hayapiti huko kwa nguvu. Wala sikufikiri kwamba ukijaza maji upya lazima utoe hewa iliyonasa ndani, la sivyo gari litachemsha. Usiku ule nililala, naamka, nalala, naamka, mara nne nilikwenda dirishani kutazama chini ya gari kama kuna dimbwi. Hakukuwa na dimbwi. Ningeliona dimbwi tungepona.

Jumapili. Sala ya adhuhuri imekwisha, jua limesimama katikati ya kichwa, na Yahya anatoka nyumbani kwetu kama mtoto wa mfalme: kanzu nyeupe, joho jeusi zito lenye ukingo wa dhahabu, kilemba, jambia kiunoni, manukato mpaka nyuki wanageuka. Ndoa ilikuwa ifungwe msikitini Pongwe mara baada ya alasiri. Tukaingia garini sisi wawili, nyuma yetu Kosta, basi dogo, la ndugu zetu na madufu, wanawake wetu wamekaa viti vya nyuma na shangazi Mwanahamisi mbele karibu na dereva kama jemadari, na pembeni kijana wa video juu ya bodaboda, anapiga picha na kuzirusha kwenye kundi la simu la harusi, kundi ambalo watu wa Pongwe nao wamo. Kumbukeni hilo kundi.

Mpaka Majani Mapana mambo yalikuwa sawa. Kiyoyozi kinapuliza, Yahya ametulia, ananiambia, "Kaka, ahsante, gari limependeza." Moyo wangu ukajaa. Halafu tukaingia nyuma ya lori la mawe lililokuwa linatambaa, na bodaboda anatuashiria twende polepole apate picha nzuri, na Kosta nyuma wanapiga dufu, na mimi nikatupa jicho kwenye mshale wa joto nikauona umepanda. Umepita katikati. Nikatazama barabara, nikautazama tena, umepanda zaidi.

Nikisimama, msafara wote utasimama, shangazi atashuka na kuuliza linafika Pongwe hilo, watu wa video watatuma, Mzee Seif ataona gari limefunguliwa boneti. Nikakumbuka kitu nilichokiona kwenye simu: gari likitaka kuchemsha, fungua hita mpaka mwisho, hita inavuta joto la injini na kulitoa nje. Nje maana yake ndani. Ndani ya gari. Lakini si dakika chache tu? Nikazima kiyoyozi, nikasukuma kile kitufe cha hita mpaka kwenye alama nyekundu, feni nikaiweka ya mwisho.

Yallah! Upepo uliotoka pale ulikuwa wa tanuri ya mikate. Na tundu la upande wangu lilikuwa limeziba tangu nilipolinunua, kwa hiyo joto lote, lote kabisa, lilikwenda kwa Yahya, na kioo cha upande wake ni cha umeme na swichi yake ilikufa zamani. Mimi nimeshusha changu, nimetoa kiwiko nje.

"Kaka, mbona joto?"

"Jua."

"Hapana, linatoka hapa." Akanyoosha mkono kwenye vitufe. Nikampiga kofi mkononi. "Usiguse! Umetulia vizuri, utaharibu kilemba."

Mngeuliza kwa nini sikumwambia. Aibu, jamani. Nilikuwa nimejisifu mno. Na mshale ulikuwa umeanza kushuka, unashuka kweli, nikajiambia tukifika Pongwe nitafunga, hakuna atakayejua. Nikamwona Yahya kwa pembe ya jicho anafuta uso, jasho linatiririka chini ya kilemba, wanja aliopakwa na shangazi umeanza kushuka mashavuni. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Kaka, simamisha gari. Siwezi."

Na mimi (wallahi sijui nilikuwa wapi kwa akili) nikadhani ana woga wa ndoa. Nikaanza kumpa mawaidha! Nikamwambia Yahya mdogo wangu, kila mwanamume hupitia hapo, hata mimi siku namwoa Mwajuma miguu ilikuwa maji, ukishakaa mbele ya shehe woga unaondoka wenyewe.

"Kaka, naungua."

"Ndiyo mapenzi hayo."

"Rajabu!" Hajawahi kuniita kwa jina maisha yake yote. "Simamisha!"

Tulikuwa tunaikaribia Kange, pale penye watu wa stendi na wauza machungwa, barabara imejaa. Nikasikia *pu!* kama mtu amefungua chupa ya soda, halafu mlio wa maji yanayochemka, halafu kutoka kwenye matundu yote ya dashibodi ukaja mvuke mweupe, mzito, wenye ile harufu tamutamu, na maji ya rangi ya kutu yakachuruzika kwenye mapaja ya Yahya. Hayakuwa ya kuunguza, namshukuru Mungu, yalikuwa yameshapoa njiani, lakini yeye angejuaje? Sikuona barabara. Nikakanyaga breki. Gari halijasimama sawasawa mlango wa abiria umeshafunguka, na bwana harusi ametoka.

Alitoka mbio. Ameshika kanzu mpaka magotini, joho linapepea nyuma, jambia linamruka tumboni, kiatu kimoja kimebaki barabarani, akakata katikati ya wauza machungwa, akaingia kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili, akapotea. Hakugeuka hata mara moja. Madufu yakanyamaza. Kijana wa bodaboda alikuwa amepata picha yake nzuri.

Nikashuka na bisibisi ya jana mkononi, nikafungua boneti, na hicho nacho kilikuwa kichekesho, maana chuma kilikuwa cha moto nikaruka, watu wakacheka. Shangazi akateremka kwenye Kosta.

"Yahya yuko wapi?"

"Kakimbia!" nikamjibu, macho kwenye injini. Nilimaanisha kakimbia mvuke. Lakini mvuke ulikuwa unatoka mbele, shangazi alikuwa nyuma, alichokiona yeye ni mtoto wa kaka yake anakimbia harusi yake mwenyewe kwa mara ya tatu. Akashika kichwa. "Kakimbia! Jamani, Yahya kakimbia!" Kosta zima likalipuka.

Na wakati huohuo simu ya Yahya, iliyobaki kwenye kiti, ikaanza kulia. Nikaichukua. Thureya. Nikaiweka sikioni kwa bega, mikono yote miwili ninayo kwenye boneti natafuta pa kuishikia.

"Shemeji Rajabu?" Alinitambua kwa pumzi tu. Sauti yake ilikuwa imetulia mno. "Watu wananionyesha kitu hapa kwenye simu. Kweli Yahya amekimbia?"

"Ndiyo, shemeji, amekimbia, lakini..."

Na simu ikateleza begani. Ilianguka juu ya injini, ikagonga bomba, ikadunda, ikazama nyuma, kwenye uwazi uleule kati ya injini na ukuta, mahali ambapo kiganja kinapita lakini hakigeuki. Nikasikia sauti ndogo huko chini, "Shemeji? Shemeji?" kisha ikakatika. Baada ya muda ikaanza kulia tena. Ikalia, ikalia. Mimi nimeinama natazama mwanga wake mdogo huko gizani, nanyoosha mkono, vidole vinaishia hewani, injini inanichoma kifua, naye shemeji yangu anapiga huko chini tena na tena, na kila ikilia najua anafikiri nini. Namba yake mimi sikuwa nayo. Shangazi alikuwa nayo ya mama yake Thureya, lakini shangazi alikuwa ameketi kwenye kifusi cha barabarani, analia na kumjibu kila mtu anayempigia kwamba ndiyo, mtoto ametoroka.

Tukaanza kumtafuta. Vijana wa Kosta wakatawanyika, wauza machungwa nao wakaacha biashara wakatusaidia, kila mtu anaonyesha upande wake. Nikaingia ule uchochoro nikiwa na bisibisi mkononi bado (sijui kwa nini, ndiyo inayoonekana kwenye video), nachungulia nyua za watu, naita "Yahya! Yahya!" na kila hatua wasiwasi unapanda. Maana nilianza kujiuliza: je, kama si joto? Kama kweli hataki? Alisema siwezi. Alisema simamisha. Nilipiga hesabu ya mara mbili zilizopita, uhamisho, masomo, nikakumbuka jinsi alivyonyamaza asubuhi wakati anavishwa, nikajiona nimemburuta mdogo wangu kwenda asikotaka kwenda kwa sababu ya gari jekundu. Nikaketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, nikainuka, nikaketi tena.

Mwanamke mmoja mtu mzima akatoa kichwa mlangoni. Mama Grace, nilikuja kumjua baadaye, Mbondei, mfugaji wa kuku.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unakwenda kumwoza au kumbanika?"

Akanipitisha mpaka uani. Pale, katikati ya kuku, alikuwa amekaa Yahya juu ya kigoda, amevaa kitenge cha Mama Grace kifuani, miguu ndani ya beseni la maji, uso mwekundu, wanja umeshuka mpaka shingoni. Kanzu yake ilikuwa kwenye kamba, na lile doa la kutu limeenea kuanzia kiunoni kushuka, mahali pabaya kuliko pote.

Nikapiga magoti mbele yake kwenye tope. "Yahya, niambie ukweli. Kama hutaki, nitakwenda mimi kumwambia Mzee Seif. Hutaki?"

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa wa akili wodini kwake. "Sitaki nini? Sitaki kufa, kaka! Nimeona moshi nikadhani gari linalipuka!" Kisha akainuka, maji yakamwagika. "Saa ngapi sasa? Thureya amepiga?"

Na ndipo adhana ya alasiri ilipoanza.

Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja, klipu, tyubu, hita, simu, "amekimbia lakini". Sijawahi kumwona Yahya anataka kunipiga isipokuwa siku hiyo. Alikunja ngumi, akaikunjua, akasema, "Vua kanzu."

Nikamvulia kanzu yangu, iliyochafuka kidogo tu kifuani na magotini, joho likafunika, nami nikavaa yake. Mama Grace akampa kandambili. Tukakimbia, sasa bwana harusi anakimbia kuelekea harusini, wauza machungwa wakamshangilia kama mpira umeingia golini, tukajipakia kwenye Kosta tukaacha gari langu limefunguka mdomo kando ya barabara. Ndani ya Kosta shangazi alimkumbatia Yahya, halafu akanigeukia, akanitazama usoni, akashuka na macho mpaka kwenye lile doa, akasema, "Na wewe umefanya nini tena?"

Pongwe tulikuta sala imekwisha na watu wamejaa nje ya msikiti. Mzee Seif amesimama barazani na bakora yake. Alikuwa ameshawaambia wapishi wafunike masufuria. Tuliposhuka watu walitupisha njia, na mimi kaka mkubwa ndiye niliyepaswa kutangulia, na kanzu ile, kila jicho linaanza usoni linaishia chini. Nikaziba kwa mikono. Ikawa mbaya zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

Nikasema. Mbele ya wanaume wote wa Pongwe nikaeleza habari za mipira ya hita, nyuma ya injini hakufikiki, klipu ilianguka, nikafunga na tyubu, gari likataka kuchemsha, nikafungua hita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hita ndiyo nini?"

"Kipasha joto, mzee. Cha kuwapasha abiria."

"Joto."

"Ndiyo."

"Tanga."

"Ndiyo, mzee."

"Na kijana amevaa joho."

Nyuma yangu mtu mmoja alianza kukohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko, akafuata mwingine. Mzee Seif hakucheka. Alimsogelea Yahya, akamshika kidevu kama mtoto, akamgeuza uso, akaona wekundu wa ngozi na wanja uliotapakaa.

"Ulikimbia?"

"Nilikimbia, baba. Lakini huku ndiko nilikokuwa nakuja."

Mzee akatoa leso yake mwenyewe mfukoni, akamfuta Yahya wanja shavu moja, akampa leso afute lingine. "Ingieni," akasema. "Shehe anasubiri." Ndoa ikafungwa. Yahya aliitikia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, mara ya kwanza tu, bila kukwama.

Tulipotoka, watu wanapeana mikono, Mzee Seif akanivuta pembeni. Nilidhani atanitukana, nami nilikuwa tayari. Akasema, "Siku nyingine binti yangu akikuuliza swali kwenye simu, malizia jibu."

Wote walicheka sana siku ile, na wanacheka mpaka leo, wajukuu wa Pongwe wananiita Ami Hita. Mimi pia nacheka. Lakini jioni, tulipopelekwa ndani kumtazama bibi harusi, Thureya alikuwa amekaa juu ya kitanda chenye maua, anatabasamu, na macho chini ya wanja yamevimba. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha, shemeji." Kisha akainamisha kichwa karibu yangu, mama zake wasisikie, akaninong'oneza, "Nilikuwa nimeshavua bangili zote. Moja moja. Nilikuwa nazihesabu huku napiga ile simu." Akazitikisa mkononi zikalia. "Wamenivalisha tena sasa hivi."

Hilo silichekei.

Gari lilivutwa mpaka gereji, Mhina akashusha vitu vyote vya juu, akafunga mipira yote na klipu zake zote, akatoa simu ya Yahya huko nyuma ikiwa imekunjamana kama muhogo uliokaangwa. Nalitumia bado, linakwenda vizuri, lakini nakwenda peke yangu, kiti cha pili nimeweka makopo ya rangi. Na mtu akiniambia simamisha, awe mke wangu au mpita njia, kwenye kona au katikati ya daraja, mimi nasimamisha kwanza, ndipo naanza kumuuliza ana nini.